Mkono wa Mvuvi ni Mali: Kulinganisha Njia za Kudai Fidia Baada ya Ajali

Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Taa huwashwa, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, wavu huzungushwa, na kila mtu huvuta upande wake. Ni katika usiku wa namna hiyo, kwenye kambi moja ya visiwa vya Ukerewe, ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alipobanwa vidole kati ya kamba na ubavu wa mtumbwi. Viwili vilikatika. Walifika mwaloni alfajiri, mkono umefungwa kwa fulana. Tajiri, kama wavuvi wa ziwani wanavyomwita mwenye mtumbwi na injini, alimpa shilingi 100,000 na debe la dagaa. "Pole sana mdogo wangu," alimwambia. "Ukipona urudi, nafasi yako ipo." Alipona baada ya miezi mitano. Nafasi ilikuwa imeshapata mtu.

Sikumwona tajiri yule kuwa mtu mbaya. Alitoa alichokuwa nacho siku ile, na wapo wasiotoa hata hicho. Lakini nilipokaa kupiga hesabu, moyo uliniuma. Kama ndugu yangu angekuwa amesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), basi kwa kiwango cha mchango cha asilimia 0.5 na kipato cha wastani wa shilingi 300,000 kwa mwezi, tajiri angemchangia shilingi 1,500 kila mwezi. Kwa miaka mitatu aliyofanya kazi pale, jumla yake ni shilingi 54,000. Yaani tajiri alitoa pesa nyingi kuliko ambazo mfuko ungemtaka atoe, na majeruhi akaambulia kidogo sana kuliko alichostahili. Wote wawili walipata hasara, na hasara yenyewe ilitokana na kukosa karatasi.

Makala haya yanaziweka njia zote mezani, moja baada ya nyingine: mvuvi wa kuajiriwa akiumia ziwani au baharini, aende wapi, atatumia nini, atapata nini, na kila mlango unafungwa lini. Nimeangalia Tanzania Bara na Kenya, kisha nikagusa meli za kigeni ambazo vijana wa pwani yetu wanazipanda.

Siku ya kwanza: matibabu na maneno matatu

Uhai kwanza. Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyechomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa mguuni au mkononi atumbukize sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha apelekwe kituoni. Mwiba uliozama kifuani au tumboni usichomolewe na mtu asiye daktari. Mzamiaji anayesikia maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya kuibuka asirudishwe chini ya maji kwa kudhani atapona huko. Apewe oksijeni kama ipo na awahishwe hospitali. Na kila jeraha la ndoana, mwiba wa samaki au panga la injini linahitaji kuulizwa habari ya sindano ya pepopunda.

Ukifika mbele ya daktari, sema maneno matatu: "Nimeumia nikiwa kazini." Omba yaandikwe kwenye cheti pamoja na tarehe, saa na mahali. Cheti kinachosema tu "jeraha la mkono" kitakusumbua baadaye, kwa sababu mkono unaweza kuumia popote. Maelezo ya daktari yaliyoandikwa siku ile ile yana uzito kuliko ushahidi wa watu kumi waliokaa kikao miezi sita baadaye.

Hapa kuna chaguo ambalo wengi hulifanya kimyakimya: hospitali au mtaalamu wa kienyeji wa kuunga mifupa? Visiwani, mtaalamu yuko karibu na nauli yake ni ndogo. Hospitali ya rufaa iko ng'ambo ya maji. Siwadharau wataalamu hao. Lakini kwa upande wa gharama, tazama mbali: mfupa uliounganishwa vibaya huvunjwa upya na kuungwa upya, na mtaalamu huyo hana cheti ambacho mfuko wa fidia au kampuni ya bima itakipokea. Ukitaka kwenda kwake, anza hospitali, upigwe picha ya eksirei, uandikiwe cheti. Ukikosa hilo la kwanza, umeshafunga milango mingine yote.

Kisha toa taarifa. Mwambie nahodha papo hapo, na mwenye chombo siku ile ile. Ukishamwambia kwa mdomo, mtumie pia ujumbe mfupi wa simu, kwa mfano: "Tajiri, jana usiku saa nane nimekatika vidole viwili wakati wa kuvuta wavu kwenye boti yako, niko hospitali." Ujumbe huo unabeba tarehe na saa, na haukulazimishi kutafuta shahidi. Mjulishe na katibu wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kwenye mwalo wako. Kama mtu amekufa au amepotea majini, polisi wajulishwe mara moja. Kenya, usiondoke kituo cha polisi bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.

Swali linaloamua kila kitu: mwajiriwa au mbia?

Wavuvi wengi hawalipwi mshahara. Ziwani, watu wa dagaa huhesabiana giza linapokwisha na mwezi unapoanza kuwaka. Pwani, kwenye boti za ringi neti, hutolewa kwanza mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na mabaharia. Kwa sababu ya mgao huo, ajali ikitokea, jibu la kwanza la mwenye chombo huwa: "Huyu si mfanyakazi wangu, tunagawana tu." Hoja hii ni ya zamani. Hata sheria ya fidia ya Uingereza ya mwaka 1906 iliwaweka kando wavuvi waliolipwa kwa mgao.

Leo hoja hiyo haipiti kirahisi. Tanzania Bara, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinataja vigezo vya kumtambua mwajiriwa: kazi yako inafanywa chini ya maelekezo ya mwingine, saa zako anazipanga yeye, wewe ni sehemu ya shughuli yake, umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, anakupa vifaa vya kazi, au hufanyi kazi kwa mwingine zaidi yake. Kimoja tu kikikuhusu, unahesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtu anayepanda boti ya tajiri, akavuta wavu wa tajiri, kwa injini ya tajiri, saa aliyoipanga nahodha wa tajiri, anagusa karibu vigezo vyote.

Kukosa mkataba wa maandishi nako kusikuvunje moyo. Nchini Tanzania na Kenya, kuandaa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri. Akishindwa kuyatoa mbele ya chombo cha sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkono wa mvuvi ni mali, basi nao uwe na daftari. Nunua la shilingi mia chache. Andika tarehe ya kila safari, namba ya boti iliyochorwa ubavuni, jina la nahodha, na ulicholipwa. Ukilipwa kwa simu, usifute ujumbe. Mgao hupanda na kushuka, kwa hiyo anayekokotoa fidia atauliza wastani wako, na wastani hautoki kichwani, unatoka kwenye rekodi za miezi kadhaa.

Njia ya kwanza: kumalizana na tajiri

Hii ndiyo njia inayotumika sana, na ina sababu zake. Haina fomu, haina nauli, pesa inapatikana siku ile ile, na undugu wa mwaloni haukatiki. Kwa jeraha dogo la siku mbili tatu, inatosha kabisa.

Kasoro yake inaonekana jeraha likiwa kubwa. Huruma ya mtu ina kikomo, na mfuko wake una kikomo zaidi. Boti ikizama, tajiri naye amefilisika. Na mara nyingi pesa hiyo huja na karatasi ya kutia sahihi: "Nimepokea malipo yangu yote na sina madai mengine." Usitie sahihi maneno hayo wakati bado una bandeji, hujajua kama mkono utakunja au utabaki mkavu. Ukipokea msaada, andika kwamba ni msaada wa matibabu, taja kiasi na tarehe, basi. Kupokea mkono wa pole hakukuzuii kupeleka taarifa kunakohusika.

Njia ya pili: likizo ya ugonjwa

Watu huisahau, na haina gharama kwa mfanyakazi isipokuwa ya cheti cha daktari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa malipo kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu malipo, ilimradi awe na cheti cha daktari. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hahusiki. Kenya ni finyu zaidi: baada ya miezi miwili mfululizo kazini, sheria inampa mfanyakazi angalau siku saba za malipo kamili na saba za nusu malipo kwa mwaka.

Njia hii inaziba pengo la wiki za mwanzo tu. Hailipi kidole kilichokatika.

Njia ya tatu: Mfuko wa Fidia, Tanzania Bara

WCF ulianzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ulianza kupokea michango mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Si halali kukukata mchango huo kwenye mgao wako. Kudai hakuna ada. Anayekuambia "nipe laki mbili nikuharakishie" ni kishoka, mkimbie.

Mfuko unalipia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipa asilimia 70 ya kipato chako kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari kwa asilimia: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Yapo pia malipo ya utengamao, ya mtu wa kumhudumia mgonjwa asiyejiweza, ya mazishi, na pensheni ya wategemezi mfanyakazi akifariki.

Rudi kwa ndugu yangu. Asilimia 70 ya shilingi 300,000 ni 210,000. Kwa miezi mitano aliyokaa nyumbani ingekuwa shilingi 1,050,000, mbali na gharama za hospitali na malipo ya vidole viwili ambavyo havitaota tena. Weka hesabu hiyo kando ya shilingi 100,000 na debe la dagaa.

Muda ni jambo la kuchunga. Mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa kwenye mfuko ndani ya siku saba tangu alipoarifiwa, na madai yenyewe yasipite miezi 12 tangu ajali. Mwajiri akikaa kimya, usingoje naye. Nenda mwenyewe ofisi ya WCF iliyo karibu, au umtume ndugu, ukiwa na cheti cha hospitali, ule ujumbe wa simu, daftari na majina ya mashahidi. Kama tajiri hakujisajili, bado peleka taarifa. Kutojisajili ni kosa lake, na si kosa la mkono wako. Kasoro ya njia hii ni safari na subira: ofisi ziko mijini, na faili lisilo na ushahidi wa ajira hukaa sana mezani.

Mfuko huu ni wa Bara. Zanzibar ina sheria yake ya fidia, kwa hiyo mvuvi wa Unguja au Pemba aanzie kwa maofisa wa kazi wa huko.

Njia ya nne: WIBA, Kenya

Kenya haina mfuko mmoja wa namna hiyo. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana zaidi kwa jina la WIBA, anayelipa ni mwajiri mwenyewe, na anatakiwa kukata bima ya kumwezesha kulipa. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo mwezi Desemba 2019, na tangu hapo imekuwa wazi kwamba madai ya kuumia kazini yanaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini (DOSHS), wala hayakimbizwi kortini moja kwa moja.

Jeraha likikuweka nje kwa siku tatu au zaidi, unastahili kulipwa kiasi kinacholingana na kipato chako kwa muda usiozidi miezi 12, na mwajiri hubeba gharama za matibabu zinazofaa. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa kipato cha miezi 96. Chukua mfano wa baharia wa Vanga au Gazi anayepata wastani wa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi: mara 96 ni 1,920,000. Daktari akimpima ulemavu wa asilimia 15, stahili yake ni shilingi 288,000 za Kenya.

Mwajiri anatakiwa kumjulisha Mkurugenzi ndani ya siku saba, au saa 24 ikiwa mtu amekufa. Dai lako liwasilishwe ndani ya miezi 12. Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kuupinga kwa Mkurugenzi huyo huyo, kisha mlango wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Ukilinganisha na Bara, WIBA inalipa kipato kizima badala ya asilimia 70, lakini kwa nusu ya muda. Na udhaifu wake mkubwa ni huu: nguvu ya dai lako ni sawa na nguvu ya mwajiri wako. Mwenye boti moja asiye na bima anaweza kuwa na deni kubwa kwako na asiwe na cha kukulipa. Kwa hiyo swali la kumuuliza tajiri wa Kenya kabla ya kupanda chomboni ni fupi: "Bosi, bima ya WIBA ipo, na jina langu limo?"

Njia ya tano: bima unayojikatia mwenyewe

Bima ya afya na fidia ni vitu viwili. Bima ya afya hulipa hospitali; haikulipi wewe uliyelala nyumbani bila mgao. Hata hivyo ni msaada wa kwanza, hasa kwa anayeogopa kwenda hospitali kwa sababu ya bili. Kenya, mamlaka ya afya ya jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato na hauwi chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani angalau 3,600. Tanzania, kadi ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa ilijulikana kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, kisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikaleta utaratibu mpya. Uliza kiwango cha mwaka huu kwenye kituo cha afya unachokitumia.

Bima ya ajali binafsi ndiyo iliyo karibu zaidi na fidia. Haiulizi nani alikosea wala kama wewe ni mwajiriwa, kwa hiyo inamfaa mvuvi ambaye kweli ni mbia au ana mtumbwi wake. Kikundi cha mwaloni kikienda pamoja, bei kwa kila mtu hushuka. Omba bei kwa kampuni tatu na uulize maswali haya kabla ya kulipa: Je, uvuvi umetajwa kama kazi hatarishi iliyoondolewa kwenye bima? Je, ajali ya usiku na ya nje ya bandari inalipwa? Kikomo cha matibabu ni kiasi gani? Mnalipa kipato cha kila wiki, au kifo na ulemavu pekee? Taarifa itolewe ndani ya siku ngapi? Bima rahisi inayoondoa "ajali za majini" ni pesa ya kutupa kwa mtu anayeishi juu ya maji.

Njia ya sita: tume, wakili, mahakama

Ukifukuzwa kwa sababu umeumia, Tanzania Bara una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA); migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Kufungua shauri CMA hakuna ada, na unaweza kwenda bila wakili. Ndugu yangu alijua habari hii mwaka mmoja baadaye.

Wakili ni wa lazima zaidi pale mwenye chombo anapokana ajira, pale mtu amekufa, au asilimia ya ulemavu inapoonekana ndogo kupita kiasi. Kubaliana ada kwa maandishi kabla ya kuanza, na uulize kama inajumuisha nauli, ada za mahakama na gharama za daktari. Kenya, Sheria ya Mawakili hairuhusu makubaliano ya kulipa wakili fungu la fidia kesi ikishinda tu, kwa hiyo anayekuahidi hivyo anaanza vibaya. Msaada wa bure upo: Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na wasaidizi wa kisheria wilayani, pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu; Kenya ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na shirika la Kituo Cha Sheria.

Kwa wanaopanda meli za kigeni

Vijana wa Mombasa na pwani nyingine wanaajiriwa kwenye meli za jodari zinazokaa baharini kwa miezi. Huko kanuni kuu ni Mkataba wa Kazi ya Uvuvi wa Shirika la Kazi Duniani, Namba 188 wa mwaka 2007, ulioanza kutumika Novemba 2017. Kenya iliuridhia mwaka 2022. Unataka mkataba wa kazi ulioandikwa, matibabu kwa mvuvi aliyeumia, kurudishwa nyumbani, na mwenye meli kuwajibika kwa jeraha la kazini. Kabla ya kupanda, piga picha kila ukurasa wa mkataba na uitume kwa mtu wa nyumbani. Simu yako inaweza kuzama, yake haitazama. Ukishushwa bandarini ukiwa majeruhi, usikubali kupakiwa kwenye ndege kabla ya kupata nakala ya taarifa ya daktari na ukurasa wa kitabu cha meli unaotaja ajali. Mombasa kuna mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, na shirika la kuhudumia mabaharia la Mission to Seafarers. Msaada wao hauna malipo.

Kwa muhtasari

| Njia | Gharama kwako | Unachoweza kupata | Muda wa kuchunga |
|---|---|---|---|
| Kumalizana na tajiri | Hakuna | Atakachopenda kutoa | Usitie sahihi ya "sina madai" |
| Likizo ya ugonjwa | Cheti cha daktari | Bara siku 126 kwa miezi 36; Kenya siku 14 kwa mwaka | Toa cheti mapema |
| WCF, Bara | Nauli na nakala | Matibabu. Asilimia 70 ya kipato hadi miezi 24. Malipo ya ulemavu | Mwajiri siku 7. Dai miezi 12 |
| WIBA, Kenya | Nauli na nakala | Matibabu. Kipato hadi miezi 12. Ulemavu kwa miezi 96 | Mwajiri siku 7, kifo saa 24. Dai miezi 12 |
| Bima ya ajali binafsi | Unalipa mwenyewe | Kadiri ya hati yako | Kadiri ya hati yako |
| CMA, Bara | Hakuna ada | Haki za ajira | Siku 30 kwa kufukuzwa. 60 kwa mengine |

Uamuzi wangu

Kwa mvuvi wa Tanzania Bara mwenye tajiri, WCF ndiyo njia ya kwanza, na nyingine zote ni za kuisindikiza. Kwa wa Kenya, ni WIBA, lakini ukiona mwenye chombo hana bima, tafuta bima ya ajali ya kikundi bila kungoja. Kwa mbia wa kweli na mwenye mtumbwi wake, bima ya ajali binafsi pamoja na bima ya afya. Kumalizana kwa mdomo kubaki kwa majeraha madogo tu. Inaonekana ya bure, lakini katika njia zote nilizozipima, hiyo ndiyo ghali kuliko zote kwa aliyepoteza kiungo.

Kwenu matajiri wa mitumbwi, na nawaheshimu kwa sababu mnalisha kaya nyingi: boti yenye watu wanane wa kipato cha shilingi 300,000 itakugharimu shilingi 12,000 kwa mwezi kwenye mfuko. Kwa kila mtu ni 1,500 tu. Injini mnaifanyia matengenezo kabla haijaharibika. Watu nao wastahili hivyo.

Na kwako mvuvi: shirika la FISH Safety Foundation lilikadiria mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu 100,000 hufa kila mwaka duniani katika kazi ya uvuvi. Vaa jaketi okozi. Kisha leo, kabla ya giza lijalo, fanya mambo matatu: nunua daftari, andika namba ya boti yako, na mwulize tajiri kama jina lako limesajiliwa. Ndugu yangu sasa anauza dagaa katika soko la Kirumba kwa mkono wenye vidole vitatu, na kila kijana anayekwenda kambini humwambia jambo hilo hilo kabla hajapanda mtumbwi.